Ukibonyeza, Gari Likanyamaza

Kwenye Hilux ya zamani ya gia za mkono, kuwasha gari kulikuwa na vituo. Unazungusha ufunguo kidogo, redio inaita. Unausogeza tena, taa za dashibodi zinawaka. Unaumalizia, stata inazungusha injini. Gari likigoma, dereva alijua pa kuanzia. Taa zikififia na stata ikilia "tik", betri imekwisha au kichwa chake kimelegea. Taa zikiwa kali na stata kimya, stata yenyewe ina kesi. Injini ikizunguka bila kushika, tafuta mafuta au plagi. Yote hayo kabla fundi hajapigiwa simu.

Kitufe cha kuwashia gari kimezifunika hatua hizo, kisha kimeongeza nyingine. Ukikanyaga breki na kubonyeza, antena zilizo ndani ya gari hutoa mawimbi ya masafa ya chini, aghalabu kilohezi 125 hadi 134, yanayoiamsha rimoti mfukoni mwako. Rimoti hujibu kwa masafa ya juu: megahezi 315 au karibu 434, kutegemea soko ambalo gari lilitengenezewa. Kompyuta huhakiki msimbo, huachia loki ya usukani, huangalia kama gia iko P na kama swichi ya breki imeitika, ndipo stata ipate umeme. Popote mnyororo huo ukikatika, anachokiona dereva ni kile kile: kimya. Hasira ya wenye magari haya ina haki.

Ila kitufe si bubu kabisa. Kwenye Toyota nyingi kina taa ndogo. Kijani maana yake rimoti imetambuliwa na breki imekanyagwa. Kijani kinachopepesa ni loki ya usukani iliyobana. Tikisa usukani kushoto na kulia huku ukibonyeza. Rangi ya machungwa inayopepesa ni hitilafu ya mfumo. Haya yote yameandikwa kwenye kitabu cha gari, lakini magari mengi yanayoshushwa Dar es Salaam na Mombasa yametumika Japani kwanza, na kitabu, kama kimo, ni cha Kijapani. Basi mtu anaita gari la kuvuta kwa sababu ya kibetri cha rimoti cha ukubwa wa sarafu kilichokwisha. Angetoa ufunguo mdogo wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti akafungua mlango, kisha akagusisha rimoti kwenye kitufe. Ndani ya rimoti mna chipu isiyohitaji betri. Hupata nguvu kutoka kwenye antena iliyo hapo kwenye kitufe.

Swichi ya breki nayo husumbua. Ikifa, taa za breki za nyuma haziwaki, na gari haliwaki pia. Toyota nyingi zina njia ya dharura: gia P, breki ya mkono juu, bonyeza mara moja bila kukanyaga breki ili umeme wa redio uje, kisha kanyaga breki kwa nguvu na ushikilie kitufe kwa sekunde 15.

Kuna lawama moja ambayo kitufe kinabebeshwa bure: kwamba gari halisukumiki. La manyuali unaweka gia ya pili, vijana wanasukuma, unaachia klachi, magurudumu yanaizungusha injini. Oto haliwezi hilo hata likiwa na ufunguo wa chuma, kwa sababu pampu ya mafuta ya giaboksi kwa kawaida huendeshwa na injini yenyewe. Hapo ni kubusti tu.

Kuzima ndiko kunakonitia shaka zaidi. Agosti 2009, karibu na San Diego, Lexus ilikwama kwenye mwendo wa kasi, pedali ya mafuta ikiwa imenaswa na zulia la chini, na watu wanne wakafa. Kitufe chake kilihitaji kushikiliwa sekunde tatu ili injini izimike gari likiwa mwendoni. Nani anahesabu tatu katika hali hiyo?

Halafu kuna kisa cha mkoba. Mume anaendesha, rimoti iko kwenye mkoba wa mkewe, anamshusha Posta. Gari linalia na kuonyesha onyo, lakini linaendelea kwenda, kwa kuwa kuzima injini katikati ya barabara kungekuwa hatari zaidi. Wabunifu walichagua sawa. Bwana anafika Kariakoo na redio juu, anaegesha, anazima. Kinachofuata ni kutafuta bodaboda wa kwenda Posta kuufuata mkoba.