Hofu Ndani ya Uangalifu: Juu ya Neno "Meticulous"

Wapo wasomi waaminio kwamba maana ya kweli ya neno ni ile liliyozaliwa nayo. Rai hiyo yafaa ipimwe kwa neno moja la Kiingereza, "meticulous", ambalo leo humweleza mtu achunguzaye kila kitu hata kidogo kabisa, pengine kupita kiasi.

Asili yake ni Kilatini. "Metus" ni hofu. "Meticulosus", neno alilolitumia Plautus katika tamthilia zake, ni -oga, au -a kutisha. Waingereza walilipokea katika karne ya 16 kwa maana hiyo ya woga, kisha likafifia. Liliporudi katika karne ya 19 lilipitia kwa Wafaransa, nao walikwisha kuligeuza: mwoga sasa ni yule aogopaye kukosea hata nukta. Hofu haikutoweka, ilihamia kwenye kazi.

H. W. Fowler, katika kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza ya mwaka 1926, aliwakemea waandishi wa magazeti kwa kulitumia pasipo kuijali hofu hiyo. Wasemaji hawakumsikiliza. Tena, kanuni hiyo ikifuatwa mpaka mwisho, "scrupulous" nalo halina budi kuachwa, maana "scrupulus" ni kijiwe chenye ncha! Hata Cicero alikwisha kulitumia kwa dukuduku la moyo, bila jiwe lolote.

Na sisi je? "Wasiwasi" latoka katika Kiarabu, ambako ni mnong'ono, hasa wa Shetani. Mafakihi hulitumia kwa mtu arudiaye udhu tena na tena kwa shaka tupu. Huo ndio uangalifu uliopita kiasi, na hapo Mwarabu na Mlatini wamekutana bila kuagana. Lakini Mswahili asemaye ana wasiwasi na basi la jioni hasikii mnong'ono wowote, wala hakosei. Mwalimu amsahihishaye kwa kamusi ya Kiarabu atenda alivyotenda Fowler. Nakiri kwamba nami nimewahi kulikata neno la mwanafunzi kwa wino mwekundu kwa hoja kama hiyo, na haki ilikuwa yake.

Mtunga kamusi, basi, aziweke maana hizo mbili kando kwa kando, ya kifikihi na ya kila siku, kila moja na mfano wake. Asili ya Kiarabu aiandike mwisho wa kidahizo, si mwanzo.