Pongezi kwa Mafundi wa Ngao za Ngozi
Wangoni, ambao wazee wao walivuka Zambezi mwaka 1835 wakiongozwa na Zwangendaba, hawakuvaa glavu za chuma kama askari wa kale wa Ulaya. Mkono wao ulisitiriwa na ngao ya ngozi ya ng'ombe. Fundi aliiwamba ngozi, akaikausha, akaitoboa safu mbili za matundu, akapitisha kanda, kisha akapachika nyuma yake fimbo iliyokuwa mshikio na uti wake. Fundi huyo astahili taadhima na shukrani, kwani alistahabu wepesi kuliko uzito, na kwa maarifa yake mpiganaji alikwenda mbio akiwa salama.