Pa Kukata na Pa Kuacha

Injini inapokataa kuingia kwenye Land Rover 109, ndipo fundi anapojulikana. Mara nyingi ni 3L ya Toyota, dizeli ya lita 2.8, ileile ya Hiace na Hilux. Imening'inia kwenye mnyororo, na sampu yake ya oili inagongana na difu ya mbele. Lazima kitu kikatwe. Mwenye haraka huwasha grenda akamega chasisi. Fundi anayejiheshimu huipandisha tena injini, akaifungua sampu, akaikata hiyo na kuichomelea upya, tumbo likahamia pasipo na difu. Bomba la kufyonza oili nalo hulihamisha, maana lisipoifuata oili ilipo, gari likianza kupanda milima ya Mahenge injini itafyonza hewa. Halafu humimina mafuta ya taa ndani ya sampu na kuiacha ilale hadi asubuhi. Penye tundu la sindano, mafuta ya taa hupaona.

Ulaya mashabiki wa magari ya kale wamegawanyika: wapo wanaotaka kila nati irudi ilivyotoka kiwandani, na wapo wanaotaka sura ya zamani yenye nguvu za leo. Mwaka 2016 Land Rover yenyewe ilianzisha mpango wa kufufua Series I, Land Rover za kwanza, kwa vipimo vya asili na kuziuza kwa bei ya matajiri. Ifakara, katika bonde la Kilombero nchini Tanzania, ubishi huo una hakimu mwingine, mpunga. Ukishavunwa Malinyi au Mlimba, gari linatakiwa barabarani. Injini ya asili ya 109, ya sentimita za ujazo 2,286, haina ubaya. Tatizo ni spea zake kutafutwa mbali, ilhali za 3L zinapatikana kwa urahisi. Kung'ang'ania uasili wote kungeliacha gari juu ya mawe miaka na miaka. Lakini ukishatoa injini, je, bado una 109? Jibu la fundi liko kwenye chasisi.

Land Rover ilipozaliwa mwaka 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, ndiyo maana bodi yake ni aloi ya alumini iliyokaa juu ya chasisi ya chuma. Alumini haioti kutu, ila inapogusana na chuma penye maji hugeuka unga mweupe. Na maji ndiyo Kilombero yenyewe. Kabla ya daraja kujengwa, magari ya kwenda Mahenge yalivuka mto Kilombero kwa kivuko. Masika, tope la bondeni huingia kwenye uwazi wa chasisi, likakaa humo na kuila kutoka ndani. Kwa nje rangi inang'aa.

Kwa hiyo kazi huanza na nyundo ndogo. Fundi hulala chini ya gari akagonga shubiri kwa shubiri. Chuma kizima hulia, kilichooza hujibu kwa sauti butu. Palipooza hukatwa mpaka chuma cheupe kionekane, kisha huwekwa kiraka cha unene uleule, kwa sababu kiraka kinene huhamishia ufa pembeni yake. Hachomelei mstari mzima kwa mkupuo. Hushika nukta hapa, akahamia upande wa pili, akasubiri joto lishuke, chuma kisije kikajikunja. Kila hatua huvuta kamba kutoka kona ya mbele kulia hadi ya nyuma kushoto, kisha kinyume chake. Vipimo viwili vikitofautiana, chasisi imepinda, na gari litatembea upande siku zote. Hizo 109 ni inchi kati ya eksele ya mbele na ya nyuma. Kamba ndiyo inayolinda jina la gari.

Uvumilivu huohuo huhamia kwenye bamba linalounganisha injini ya Toyota na giaboksi ya zamani. Matundu hutobolewa baada ya kupima na kupima tena, kwani shafti ikikaa nje ya katikati kwa upana wa unywele tu, klachi na beringi ndizo zitakazolipa. Maunti za injini hufungwa kwa bolti kila inapowezekana. Mwenye gari akitaka taa za LED, nazo zitafungwa kwa bolti.

Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lina Mkataba wa Turin unaotaka mabadiliko yawe machache na yaweze kurudishwa nyuma. Gereji ya chini ya mwembe hufika palepale kwa hesabu yake yenyewe: injini huchakaa ikabadilishwa, sampu hununuliwa nyingine, lakini chasisi ni moja, na namba yake imeandikwa kwenye kadi ya gari. Kwa hiyo kipimo cha kazi ni spana. Alichoongeza fundi chote kifunguke, na penye kiraka pabaki na vipimo vya kiwandani. Mwenye gari anayelipia injini peke yake, akaziita siku za nyundo na kamba ucheleweshaji, amelipa nusu ya kazi.