Ngoma na Jukwaa: Mafunzo ya Tamasha la Haydom

Mwanafunzi akiulizwa tamasha la ngoma ni nini, aghalabu atajibu kwamba ni mkusanyiko wa watu waliokuja kutazama ngoma. Jibu hilo si la uongo, lakini lina upungufu, maana limekwisha kuwagawa watu mafungu mawili: wachezao na watazamao. Katika makala haya tunakusudia kuuchunguza mgawanyo huo, na mfano wetu utatoka katika nchi ya Mbulu na Hanang.

Mji mdogo wa Haydom umo katika Wilaya ya Mbulu, Mkoa wa Manyara, na wengi huufahamu kwa hospitali ya Kilutheri iliyofunguliwa mwaka 1955. Nchi inayouzunguka ina jambo la ajabu. Hapo wanaishi Wairaqw, ambao lugha yao ni ya Kikushi. Wadatoga, ambao lugha yao ni ya Kiniloti. Wanyiramba na Wanyisanzu, ambao ni Wabantu. Na Wahadzabe, ambao lugha yao zamani iliwekwa katika kundi la Khoisan, lakini wataalamu wengi siku hizi wanaiona kuwa lugha isiyo na ndugu. Kwa sababu hiyo mpango wa utamaduni wa mahali hapo ulijiita Four Corners, yaani pembe nne, na katika tamasha lake watu wa pembe zote hukutana uwanjani kwa ngoma na nyimbo.

Tuanze kwa kutoa sifa inayostahili. Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipotangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni, alisikitika kwamba wasomi wa wakati huo walizijua dansi za Ulaya kuliko ngoma za mababu zao. Kijana wa Haydom anayeiona ngoma ya jirani yake, na kuiona ikipewa heshima mbele ya umma, amekwisha kupona sehemu ya maradhi hayo. Tena jirani aliyekushangilia uwanjani ni vigumu kumdharau mnadani. Hiyo si faida ndogo katika nchi ambayo wafugaji, wakulima na wawindaji hugombea ardhi ile ile.

Hata hivyo, mhakiki hana budi kuuliza: kinachopanda jukwaani ni ngoma yenyewe, au ni kivuli chake? Tutazame mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni epeme ya Wahadzabe. Ngoma hii huchezwa usiku usio na mwezi, mioto ikiwa imezimwa. Wanaume hucheza mmoja baada ya mwingine, manyoya kichwani na njuga mguuni, na wanawake humwimbia yule anayecheza. Humwoni mchezaji waziwazi. Unasikia mguu wake na sauti za wanawake. Giza hapo si upungufu wa taa. Giza ni sehemu ya fani, kama vile vina vilivyo sehemu ya shairi. Je, mtu akiitoa epeme mchana, mbele ya wapiga picha, ameonyesha nini? Ameonyesha manyoya na njuga.

Mfano wa pili ni slufay ya Wairaqw. Huu ni utenzi wa dua na baraka unaotolewa na mzee mbele ya mkutano, na waliohudhuria humwitikia kadiri anavyoendelea. Kwa hiyo fanani na hadhira wanaitunga dua hiyo pamoja, na maneno ya mzee huwa ya wote kwa sababu wote wameyakubali. Hadhira isiyojua Kiiraqw, iliyokaa kimya ikingoja kupiga makofi mwishoni, haiwezi kuitikia. Na slufay isiyoitikiwa ni hotuba tu, hata ikiwa imesemwa kwa ufasaha gani.

Mfano wa tatu ndio mzito kuliko yote, nao ni bung'eda ya Wadatoga, hasa Wabarbaig wa Hanang. Mzee mwenye heshima akifariki, ukoo wake humjengea kaburi linaloinuliwa kwa muda wa miezi mingi, yapata tisa, mpaka likawa kama kilima kidogo. Kisha hufika mkutano mkuu, ambao huweza kukusanya maelfu ya watu kutoka mbali, wakaimba na kucheza kulizunguka kaburi. Tukitafuta tamasha kubwa la wazi katika nchi hii, lililokuwapo kabla ya vipaza sauti, ndilo hilo. Lakini bung'eda haina mtazamaji. Kila aliyefika ana nafasi yake kwa marehemu: ni mtoto, ni mkwe, ni wa rika, au ni jirani.

Kutokana na mifano hii twaona kwamba ngoma ina nguzo tatu: wakati wake, watu wake na mahali pake. Jukwaa, kwa desturi yake, huzing'oa zote tatu. Epeme hupoteza usiku, slufay hupoteza waitikiaji, bung'eda hupoteza kaburi.

Huenda msomaji akasema kwamba tunadai yasiyowezekana, kwa kuwa sanaa zote hubadilika. Ni kweli. Taarabu ilikubali jukwaa zamani, na tangu mwaka 2004 Ngome Kongwe ya Zanzibar imekuwa ikipokea tamasha la Sauti za Busara bila muziki huo kuharibika. Lakini tuangalie kwa makini: katika taarabu msikilizaji aliyeguswa na ubeti huinuka, akaenda mbele kumtunza mwimbaji, na pengine ubeti huo ukawa jibu kwa mtu aliyeketi pale pale. Taarabu ilipanda jukwaani pamoja na hadhira yake. Hatukatai jukwaa, ila tunakataa jukwaa linalomfanya mwenye ngoma kuwa kitu cha kutazamwa.

Kuna jambo jingine ambalo haki hairuhusu tulinyamazie. Katika miaka ya 1970 na 1980, mashamba ya ngano ya shirika la umma la NAFCO, yaliyosaidiwa na Kanada, yalienea katika nyanda za Basotu, Wilaya ya Hanang, hata yakazidi ekari 100,000. Taifa lilihitaji mkate, na nia hiyo haikuwa mbaya. Lakini malisho ya Wabarbaig yalichukuliwa, na baadhi ya makaburi ya bung'eda yakalimwa. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani iliwapa ushindi NAFCO. Kaburi likilimwa, ngoma iliyolizunguka itachezewa wapi? Hakuna jukwaa liwezalo kulirudisha. Kinyume chake, mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipata hati ya kimila ya ardhi yao. Twathubutu kusema kwamba hati ile imeihifadhi epeme kuliko matamasha mengi, kwa maana mahali penye giza lake pamebaki.

Kwa hiyo tunawashauri walimu wanaowapeleka wanafunzi tamashani wasiwaagize kuandika tu nani alicheza vizuri. Wawaagize kuuliza: Ngoma hii kwao huchezwa lini? Nani huitikia? Huchezewa wapi, na mahali hapo pangalipo? Kisha, wenyeji wakiwakaribisha, wafike huko na kujifunza kuitikia. Ngoma nyingine wenyewe hawatataka ionwe na wageni, na hapo heshima yetu itakuwa kubaki mbali.

Tamasha la Haydom ni mlango mzuri, na tunawashukuru walioufungua. Lakini aliyesimama mlangoni hajaingia nyumbani, wala hajajua wenye nyumba wanaishije.