Mizani ya Vigae: Namna ya Kupima Sanaa ya Vioo vya Makanisa Yaliyoharibiwa na Vita

Atakaye kuhukumu kwa insafu kazi iliyoundwa kwa vigae vya vioo vya rangi, na akitazame kwanza kigae chenyewe kabla ya ufundi uliokizunguka. Kwani kioo cha kale, kilichopulizwa kwa mdomo, unene wake haulingani, ndani kina mapovu, na upande uliokabili mvua kwa karne nyingi aghalabu umeliwa vishimo vishimo. Kigae chekundu kitazamwe ubavuni: mara nyingi wekundu huwa ni utando mwembamba juu ya kioo cheupe, maana mafundi wa zamani walijua ya kuwa wekundu ule, lau ungekolea unene wote, ungeizuia nuru na kuonekana mweusi.

Pili, zitazamwe kingo. Ukingo alioumega fundi wa kale kidogo kidogo kwa chuma una alama kama za meno ya panya. Ukingo uliovunjwa na kishindo cha bomu ni laini na mkali. Msanii stahiki huziacha zote mbili, akaupitisha ufito wa risasi pale pale ulipopita ufa. Bali anayekinyoa kigae ili kilingane na mchoro aliokwisha kuukusudia, huyo ameufuta ushahidi, na kazi yake, hata ipendeze vipi, ihesabiwe pambo tu.

Mfano mwema wa kale upo katika kanisa kuu la Winchester, Uingereza, ambako askari wa Bunge, waliokuwa wakipigana na mfalme, walilivunja dirisha kubwa la magharibi mwaka 1642, na baada ya ufalme kurejeshwa mwaka 1660 vigae vikapangwa upya pasipo kujaribu kuzirudisha picha za awali, uso wa mtakatifu ukakaa huku na kipande cha vazi kule, wala hakuna hadaa ya ukamilifu. Mfano wa karibu zaidi ni vigae alivyoviokota Frederick McDonald, kasisi wa jeshi la Marekani, katika nyumba za ibada za Ulaya zilizobomolewa katika Vita vya Pili vya Dunia, ambavyo miaka mingi baadaye Armelle Le Roux na wasanii wenzake walivitumia katika kazi 25. Na humo nasaba ya kigae ni sehemu ya sanaa yenyewe.

Mwisho, kioo kipya kisijisingizie ukale. Kitazame kwa jua la asubuhi na la alasiri, si kwa taa; na muuzaji asiyeweza kutaja kanisa kilikotoka kigae, mlipe bei ya kioo na ujira wa fundi, usizidishe.