Msafara wa Siafu: Fumbo, Kibwagizo na Mipaka ya Ushairi wa Ukombozi katika Njia ya Ujiji na Tabora

Shairi la Saadani Abdu Kandoro liitwalo “Siafu Wamekazana” limezoeleka madarasani kiasi cha kukaribia kupoteza ukali wake. Mwanafunzi hufundishwa kulifungua kwa hatua mbili: nyoka ni serikali ya kikoloni, siafu ni Waafrika walioungana kumtoa alimojificha. Dhamira ya umoja huandikwa ubaoni na shairi hufungwa. Ufunguzi huo ni sahihi, lakini unaliacha swali gumu bila kuguswa. Fumbo linalofunguka kwa wepisi namna hiyo lilikuwa linamficha nani? Maofisa wa Kiingereza waliopelekwa Tanganyika walitakiwa kujifunza Kiswahili na kufanya mitihani yake. Hapakuhitajika bingwa wa balagha kumtambua nyoka huyo.

Jibu la kwanza limo katika sheria. Mwaka 1958 Julius Nyerere alishtakiwa na kutozwa faini kwa sababu ya maandishi ya nathari katika jarida la Sauti ya TANU yaliyowashutumu maofisa wa serikali. Nathari ile ilikuwa na watu mahususi ndani yake, na watu mahususi wanaweza kusimama kizimbani na kulalamika kwamba wamekashifiwa. Nyoka hawezi. Kwa hiyo fumbo halikuificha maana kwa mtawala; lilimnyima ushahidi tu. Kujua ni jambo moja na kuthibitisha ni jambo jingine, na ushairi wa ukombozi uliishi katika nafasi iliyo kati ya mambo hayo mawili.

Hata hivyo, kinga ya kisheria haitoshi kueleza nguvu ya shairi. Tahakiki hii inadai kwamba kazi ya kisiasa ya shairi imo zaidi katika kibwagizo kuliko katika fumbo, na kwamba kibwagizo hicho kina historia ndefu katika njia ya misafara iliyounganisha Bagamoyo, Tabora na Ujiji.

Kandoro alizaliwa Ujiji mwaka 1926, mwisho wa njia hiyo, katika jamii ya Wamanyema ambayo asili yake ni mashariki ya Kongo. Mahali pa kuzaliwa si pambo la wasifu. Kiswahili cha Ujiji na cha Tabora hakikuletwa na mashua. Kililetwa na miguu ya watu. Burton na Speke walipofika Unyanyembe mwaka 1857 walikuta kituo kikubwa cha biashara ambako misafara ilipumzika, iligawanyika na kuajiri wapagazi upya. Kata ya Cheyo, ambayo leo imo ndani ya Manispaa ya Tabora, iko katika ardhi hiyo ya mapumziko na mapatano. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma miaka miwili baadaye, lakini kabla yake palikuwa na zaidi ya nusu karne ya watu waliotembea mmoja nyuma ya mwingine, mizigo vichwani na mabegani, katika njia isiyozidi upana wa mtu.

Kiswahili kina neno moja kwa mstari huo wa watu na kwa mstari wa siafu: msafara. Asomaye shairi la Kandoro kwa masikio ya mtu wa Tabora hawezi kuliepuka neno hilo, hata pale ambapo halikutamkwa. Mazingira nayo yanaisaidia taswira. Katika nchi ya miombo, mvua zinaponyesha, siafu huingia nyumbani usiku na wenye nyumba hutoka nje wakasubiri. Siafu mfanyakazi haoni. Hana ukubwa wala sumu ya kumtisha mtu. Nguvu yake ni kwamba hayuko peke yake na kwamba hageuki. Nyoka, kwa upande wake, mara nyingi hukaa katika shimo lililochimbwa na mnyama mwingine. Kumtoa si kumnyang'anya haki yake. Usomaji huu wa mwisho unatokana na maarifa ya wasikilizaji zaidi kuliko maneno ya mshairi, lakini fumbo hukamilishwa na maarifa ya namna hiyo.

Tofauti kati ya misafara hiyo miwili ndiyo yenye uzito wa kisiasa. Mpagazi alibeba pembe na nguo za mtu mwingine kwa ujira na posho. Siafu hawana tajiri. Taswira ya siafu inauchukua umbo la kazi lililojulikana na kila familia ya njia ile, inaondoa mzigo na mwenye mzigo, na inabakiza mstari wa watu na mwelekeo wao. Wahakiki waliolisoma shairi kama methali ya “umoja ni nguvu” wameupuuza uondoaji huu, ilhali ndani yake ndimo madai ya ukombozi yalimo.

Wapagazi hawakuwa watu wa kunyamaza. Historia ya misafara ya Wanyamwezi iliyoandikwa na Stephen Rockel inaonyesha kwamba waligoma, walitoroka na walijadiliana kuhusu posho na mwendo, na kwamba nyimbo zilikuwa sehemu ya maisha hayo ya kazi. Kirangozi alitangulia na kuanzisha wimbo, waliomfuata waliitikia. Muundo huo una umuhimu kwa mhakiki wa ushairi andishi kwa sababu istilahi za ushairi wa Kiswahili zenyewe zimeuhifadhi. Mshororo unaorudiwa mwishoni mwa ubeti huitwa kibwagizo, lakini huitwa pia kiitikio na kipokeo. Hayo ni majina ya kazi ya sauti: mmoja anatoa, wengi wanapokea. Shairi lililochapishwa gazetini, tangu enzi za Mambo Leo lililoanza mwaka 1923, lilisomwa kwa sauti au kughaniwa mbele ya watu ambao wengi wao hawakujua kusoma. Katika hali hiyo kibwagizo ndiyo sehemu pekee ya shairi ambayo msikilizaji anaweza kuimiliki papo hapo.

Kwa desturi ya mashairi hayo, anwani huchukua maneno ya kibwagizo, na anwani ya Kandoro inastahili kuangaliwa kisarufi. Hakuandika “Kazaneni”, ambayo ingekuwa amri ya kiongozi kwa wafuasi na uchochezi mbele ya hakimu. Hakuandika “Tumekazana”, ambayo ingekuwa ungamo. Alichagua nafsi ya tatu na hali timilifu: jambo limekwisha kuwa, na msemaji analitolea taarifa tu. Hata hivyo kundi linapoitikia maneno hayo kwa pamoja, nafsi ya tatu hugeuka vinywani mwao kuwa nafsi ya kwanza wingi bila herufi hata moja kubadilishwa. Kitendo cha kuitikia kinathibitisha kile kinachosemwa. Kandoro alikuwa mmoja wa wajumbe 17 walioanzisha TANU tarehe 7 Julai 1954, pamoja na Germano Pacha wa Jimbo la Magharibi. Alijua kwamba chama huanza kwa watu kujizoesha kusema pamoja.

Mbinu hiyo ilikuwa na mipaka, na mpaka wa kwanza ulikuwa lugha. Huko Usukuma, ambako serikali iliizuia TANU kufanya kazi kati ya 1954 na 1958, malalamiko makubwa yalihusu pamba, mifugo na kanuni za kilimo, na sauti yake ilisikika zaidi katika nyimbo za Kisukuma za kulima na za mashindano ya ngoma kuliko katika mashairi ya vina na mizani. Tafiti za Frank Gunderson kuhusu nyimbo za kazi za Wasukuma zinatosha kuonyesha kwamba historia ya ushairi wa upinzani wa magharibi ya Tanzania inayoandikwa kwa kutumia diwani za Kiswahili peke yake ni historia ya miji ya reli na masoko. Upungufu huo ni wa wahakiki zaidi kuliko wa Kandoro.

Mpaka wa pili ni mzito zaidi, na ulijitokeza Tabora kwenyewe. Mnamo Januari 1958 TANU ilifanya mkutano wake wa mwaka mjini humo kuamua kama ingeshiriki uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpigakura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, huku masharti ya elimu, kipato au wadhifa yakiwaengua wananchi wengi. Waliopinga kushiriki hawakuwa wasaliti. Walisema jambo ambalo fumbo la siafu lingewaruhusu kulisema: hakuna mapatano na nyoka. Nyerere alitetea ushiriki na akashinda. Uamuzi ule ukaitwa wa busara. Zuberi Mtemvu akajitoa na kuanzisha chama chake cha African National Congress.

Katika mjadala ule, fumbo la Kandoro halikuwa na la kusema. Siafu hawajadiliani. Taswira inayowafanya wengi kuwa kitu kimoja haiwezi kuwahudumia pale wanapotofautiana kwa nia njema, na aliyetoka mstarini haonekani ndani yake ila kama aliyepotea. Shairi lililofaa mwaka wa kukusanya watu halikufaa siku ya kuwahesabu. Ndiyo maana busara ya Tabora inakumbukwa kwa hoja na hotuba.

Ulinganisho na Abdilatif Abdalla unaliweka jambo hili wazi zaidi. Yeye alifungwa Kenya kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wake wa nathari, “Kenya: Twendapi?”, na mashairi aliyoyaandika gerezani yakatoka mwaka 1973 katika diwani ya Sauti ya Dhiki. Katika “Mamba” naye anatumia mnyama hatari, lakini hana kundi la kumzingira. Yuko mtu mmoja anayemkumbusha mamba kwamba naye atakufa. Mtawala anayesemwa hapo si mgeni wa kutolewa shimoni. Ni mwenyeji, mwenzake wa jana katika kudai uhuru. Abdilatif alilazimika kubuni sauti ya aliyetengwa na msafara, sauti ambayo ushairi wa TANU haukuwa na haja nayo kabla ya 1961.

Baada ya mwaka huo haja ilikuwepo. Kandoro mwenyewe aliendelea kuandika, na anwani ya diwani yake ya baadaye, Liwazo la Ujamaa, inaonyesha alikoelekea: mshairi wa kumtoa nyoka amekuwa mshairi wa kuliwaza. Vina havikupungua wala ufundi haukushuka. Kibwagizo kilibaki kikifanya kazi ileile ya kuwakusanya watu katika sauti moja, isipokuwa sasa nyumba ilikuwa yao, na hapakuwa na nafsi katika sarufi ya shairi ambayo aliyekuwa na neno la kupinga angeweza kuiazima.