"Butt in" Si Kuingia Ndani

Katika madaftari ya wanafunzi wa Bugembe, karibu na Jinja, tumekutana zaidi ya mara moja na sentensi hii: "Usiingie ndani tunapozungumza." Msomaji mgeni angedhani kuna mlango uliofungwa. Kumbe mwanafunzi alikuwa akifasiri maneno mawili ya Kiingereza cha mitaani, "butt in", yaani kudakia maneno ya watu, au kujitia katika shauri lisilokuhusu.

Kosa hilo halitokani na uvivu. Kiingereza kimetwaa kitenzi cha beberu apigaye kwa kichwa, kikakipachika kineno "in". Naye mwanafunzi, asipende kuacha neno nyuma, akatafuta "ndani". Lakini Kiswahili huifanya kazi hiyo kwa kunyambua kitenzi: ingia huwa ingilia, daka huwa dakia, zama huwa zamia, kama mtu azamiaye arusi asiyoalikwa. La kusikitisha ni kwamba mwanafunzi wetu anacho chombo hiki tayari. Kiganda, kisikikacho sana Jinja, kina kuyingira na kuyingirira, kwa uhusiano ule ule. Twamzungusha Uingereza ili kumfikisha kwa jirani!

Walimu watahadhari, hata hivyo. Kuingilia mazungumzo ni sawa. Kumwingilia mtu ni jambo jingine kabisa, na darasa litacheka.

Hoja yetu kubwa lakini ni adabu. Waganda wengi walikijua Kiswahili kwa sauti ya askari, na tangazo la Idi Amin la mwaka 1973, la kukifanya lugha ya taifa, halikuiondoa sifa hiyo. Tangu mwaka 2005 Katiba ya Uganda inakitaja kuwa lugha rasmi ya pili, lakini mwanafunzi akifundishwa "Usidakie maneno!" peke yake, amepewa amri nyingine ya kambini. Waingereza wenyewe hulitumia neno lao kwa njia mbili: kumkemea mwenzao, na kujitaka radhi kabla ya kusema. Hiyo ya pili ndiyo ya kuanza nayo. "Niwieni radhi, nawakatiza," huweza kuambiwa wazee barazani. "Mbona wanidakia?" ni ya marika, tena wanaotaniana. Ama mzee akitudakia sisi, hatuna kitenzi cha kumwambia. Hunyamaza tukamsikiliza mpaka amalize.